JINA LA YATIMA KWENYE BONI YA HOSPITALI



Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake wote. Ama baada ya hayo.

Ndugu Waislamu, Ijumaa moja baada ya sala, ndugu yetu mmoja alibaki nyuma watu walipotoka, akauliza swali. Ametupa ruhusa kulileta mbele yenu bila kumtaja jina.

Ndugu huyu ana kazi kiwandani. Kaka yake alifariki, kisha mke wa kaka yake naye akafuata, wakaacha mtoto wa kiume mwenye ugonjwa wa damu, ule tunaouita SS. Mnaoujua ugonjwa huu mnajua shida yake. Mtoto hulia kwa maumivu ya mifupa usiku kucha, damu humpungua, na mara nyingine lazima aongezwe damu. Kila jambo katika hayo ni pesa. Mwenzake kazini akamwambia: "Unateseka nini? Mwandikishe kama mtoto wako wa kuzaa. Nani atajua?" Akafanya hivyo. Huu ni mwaka wa pili mtoto anatibiwa kwa boni ya kampuni. Sasa kampuni imetangaza kuhesabu upya familia za wafanyakazi, na kila mmoja alete vyeti vya kuzaliwa vya watoto wake. Ndugu anauliza: Je, mimi ni mwizi? Na nikilifuta jina la mtoto huyu, akafa, nitamjibu nini Mola wangu?

Swali hili si la mtu mmoja. Katika mji wetu wa Likasi boni ya hospitali ina historia ndefu. Union Minière iliundwa mwaka 1906, na kuelekea mwisho wa miaka ya 1920 iliacha kutegemea watu wa muda mfupi, ikaanza kuwakalisha wafanyakazi kambini pamoja na wake na watoto wao. Ikajenga hospitali, ikagawa posho. Haikufanya hivyo kwa huruma tu, kwani mfanyakazi aliyekufa au kukimbia ilikuwa hasara kwake. Lakini wazee wetu wa Panda na Shituru walipata munganga na dawa, na mwaka 1967 mali hiyo ilipoingia mikononi mwa taifa, katika kampuni iliyokuja kuitwa Gécamines, desturi iliendelea. Watu wakazoea kuiona kampuni kama baba. Kisha ikaja miaka ya 1990, uzalishaji ukaanguka. Mwaka 2003, baada ya miezi mingi bila mshahara, wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka katika mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Siku hiyo wengi walijua kwamba boni ilikuwa imefungwa kwenye kazi: kazi ikiondoka, na munganga anaondoka. Kwa hiyo leo mwenye boni katika ukoo ni kama mwenye kisima wakati wa kiangazi. Kila mtu anamjia na ndoo.

Ndugu zangu katika imani, tuanze na jambo ambalo halina shaka. Kumchukua yatima huyu na kumtibu ni ibada kubwa. Mtume (s.a.w.) aliunganisha vidole vyake viwili kuonyesha jinsi atakavyokuwa karibu na mlezi wa yatima Peponi. Basi asitokee mtu wa kumwambia ndugu yetu kwamba amekosea kumbeba mtoto. Amebeba mzigo ambao wengi wetu tunaukwepa.

Kosa liko kwenye jina. Mtume wetu mwenyewe alikuwa yatima. Baba yake alifariki kabla hajazaliwa, mama yake akafariki yeye akiwa mtoto wa miaka kama 6, akalelewa na babu yake Abdul Muttalib, kisha na ammi yake Abu Talib. Abu Talib alimpenda, akamlisha, akamlinda mpaka utu uzima. Lakini hakuna siku Mtume aliitwa mwana wa Abu Talib. Alibaki Muhammad bin Abdillah. Na Zayd bin Haritha, ambaye Mtume alimpenda hata watu wakamwita Zayd mwana wa Muhammad, alirudishiwa jina la baba yake pale Mwenyezi Mungu alipoagiza katika Suratul Ahzab, aya ya 5, kwamba watoto wa kulea waitwe kwa baba zao, na kwamba hilo ndilo la haki zaidi.

Kwa nini ni haki zaidi? Tazama mfano wa mtoto wetu. Akiandikwa mwana wa ammi yake, mabinti wa ammi wanakuwa dada zake kwenye karatasi, na katika sheria ya Mwenyezi Mungu si dada zake. Siku ya mirathi ataonekana mrithi mahali ambapo hana haki, na kilichoachwa na baba yake kinaweza kupotea kwa kuwa hakuna karatasi inayosema yeye ni mtoto wa nani. Hata munganga anadanganyika. Ugonjwa wa SS mtoto huurithi kwa baba na kwa mama pamoja. Munganga akimwona ammi na mkewe kama wazazi, atawaambia kwamba wote wawili wanaubeba katika damu yao, na wataishi na hofu isiyo yao. Uongo mdogo wa ofisini umeingia mpaka kwenye faili la tiba.

Na wako wengine wanaofanana na huyu. Mwenye wake wawili anajua kwamba sheria ya nchi inatambua mke mmoja, na mmoja tu ndiye anayeingia kwenye orodha. Basi anawapa wote wawili karte moja yenye jina moja. Siku ya kujifungua, mmoja anatokwa na damu nyingi, na munganga anafungua faili anakuta kundi la damu la mwenzake. Ndugu, aliyekuruhusu kuoa wa pili amekupa na wajibu wa kumtibu kwa mfuko wako. Usiununue uadilifu kwa karatasi ya uongo.

Atasema mtu: lakini hii ni dharura, na dharura huhalalisha kilichokatazwa. Ni kweli. Mwenyezi Mungu amemsamehe aliyelazimishwa na njaa kula nyamafu, kwa sharti asiwe mwenye kutamani wala mwenye kuvuka mpaka. Lakini wanachuoni wanatufundisha kwamba dharura hupimwa kwa kiasi chake, nayo huisha pale mlango wa halali unapopatikana. Usiku ule wa kwanza mtoto anakata roho, pengine ndugu yetu hakuona mlango. Je, mlango haupo?

Upo, na wengi hawaujui. Sheria ya kazi ya Kongo, ya tarehe 16 Oktoba 2002, inapotaja familia ya mfanyakazi haisemi watoto wa kuzaa peke yao. Inataja pia watoto aliowachukua kisheria kama wake, na watoto walio chini ya ulezi wake wa kisheria, ule ambao kwa Kifaransa unaitwa tutelle. Mtoto aliyebaki bila baba na mama anaweza kuwekewa mlezi mbele ya tribinali. Akitoka pale, mtoto anabaki na jina la marehemu baba yake, na ammi anaandikwa mlezi. Angalieni, ndugu zangu: hiyo ndiyo kafala tunayoijua katika dini yetu. Abu Talib angeandikwa hivyo hivyo. Ukweli haukumfungia yatima mlango wa hospitali. Ulikuwa umemwekea mlango wake mwenyewe, na sisi tukapita dirishani.

Sasa tuwageukie wenye kuajiri, maana khutba inayomsema mfanyakazi peke yake ni mizani yenye kombo. Katika Suratul Mutaffifin Mwenyezi Mungu amewaonya wale ambao wakipokea hutaka kipimo kamili, na wakitoa hupunguza. Mfanyakazi aliyeongeza jina kwenye orodha amepunja. Na patroni aliyepunguza majina kwenye orodha yake, yeye ni nani?

Wako kati yetu wenye maduka, magari, mashine za kusaga na depo za mizigo. Kijana anabeba magunia miaka 5, na ukiuliza unaambiwa: "Huyo ni kibarua tu, wa siku kwa siku." Sheria hiyo hiyo inasema mtu wa siku kwa siku akishafanya siku 22 za kazi ndani ya miezi 2, ukimchukua tena kabla ya miezi hiyo kwisha, anahesabiwa kuwa na kontra isiyo na mwisho. Na mwenye kontra akiugua, mwajiri analazimika kumpa yeye na familia yake matibabu, dawa na kitanda cha hospitali, na kumlipa theluthi mbili za mshahara wakati kazi imesimama kwa ugonjwa. Haikusema ni makampuni makubwa ya shaba tu. Wala michango ya CNSS haikuondolei wajibu huo, kwa sababu CNSS inashughulikia pensheni, ajali za kazini na maradhi yanayotokana na kazi, na posho za familia. Malaria ya mtoto wa mfanyakazi wako iko mlangoni kwako.

Basi kumwita kibarua mtu ambaye si kibarua ni kubadilisha jina, sawa na kumwita mwana asiye mwana. Na kosa hili ni zito zaidi. Yule wa kwanza aliongeza jina ili mgonjwa atibiwe. Huyu amefuta jina ili mgonjwa asitibiwe. Mtume (s.a.w.) ameamrisha mfanyakazi alipwe ujira wake kabla jasho halijakauka, na amefundisha kwamba wanaotutumikia ni ndugu zetu, tusiwabebeshe wasichokiweza, na tukiwabebesha tuwasaidie. Katika Suratul Qasas, yule mzee aliyemwajiri Nabii Musa (a.s.) alimchukua kwa sababu ya nguvu na uaminifu wake, na wakati wa kupatana akamhakikishia kwamba hataki kumtaabisha. Hilo ni sharti la kontra. Anayetaka nguvu na uaminifu wa mtu, naye aahidi kutomvunja. Kwa hiyo barakoa ya kuzuia vumbi, glavu za mwenye kushika asidi na maji safi ya kunywa vinatangulia boni. Tiba ni haki, lakini aliyemzuia mtu asiugue amemfanyia jema kubwa zaidi. Nawe mfanyakazi uliyepewa barakoa ukaitundika msumarini, kumbuka kwamba mwili wako una haki juu yako, na utaulizwa.

Turudi kwa ndugu yetu. Tumemjibu hivi. Wewe si mwizi wa kawaida, lakini umetoa ushahidi wa uongo, na ushahidi wa uongo hautubiwi kwa kunyamaza. Usimfute mtoto kabla hujamfungulia mlango mwingine. Nenda kwanza tribinali ukaombe ulezi. Ukishapata karatasi, nenda kwa wakubwa wako pamoja na delege wa sendika, useme ukweli mwenyewe kabla hujaulizwa, na ujitolee kurudisha kidogo kidogo kama wakidai. Hatukudanganyi kwamba ukweli hauna bei. Inawezekana wakakuadhibu, hata kwa kazi. Lakini orodha ile ni ushahidi, na ulipotia sahihi, Mwenyezi Mungu alikuwa Shahidi wa pili.

Ndugu huyo aliposikia hayo, aliinamisha kichwa, akauliza swali ambalo ndilo limetufanya tuandike karatasi hii: "Na wakinifukuza, mtanishika?"

Ndugu Waislamu, hatuna haki ya kumwamrisha mtu aseme kweli Jumatatu ikiwa sisi tumefunga mifuko yetu Ijumaa. Mtume (s.a.w.) ametufananisha na mwili mmoja, kiungo kimoja kikiugua mwili wote unakesha kwa homa. Tunajua kucheza likelemba kwa ajili ya harusi na bidhaa. Tunashindwaje kuwa na likelemba ya wagonjwa? Nchi yetu ina sheria ya mashirika ya kusaidiana tangu tarehe 8 Februari 2017, kwa hiyo jambo hili linaweza kufanywa wazi na kwa hesabu. Wengi wetu hapa Likasi hatuna boni ya mtu yeyote: wauza mkaa, wachimbaji wa mikono, wajane wa Kikula. Mfuko huo ungekuwa boni yao.

Leo baada ya sala, kutakuwa na kisanduku mlangoni kwa ajili ya dawa za mtoto huyu, mpaka karatasi za ulezi zitoke. Anayeweza kidogo atoe kidogo. Na mwenye kuajiri, akifika nyumbani, afungue daftari lake atazame majina ambayo hayamo.

Ewe Mola wetu, waponye wagonjwa wetu, warehemu wazazi wa mayatima wetu, utujaalie ndimi za kweli na mizani iliyo sawa. Utupe riziki ya halali na afya ya kuitumikia. Amin.

Wabillahi tawfiq.

(Tafadhali usiitupe karatasi hii chini. Ukishasoma, mpe jirani yako.)