Uongo Usiomdanganya Mtu

Huku Lindi watu hupata nafasi ya kutazama maigizo ufuta ukishauzwa. Mnada umepita, madeni yamelipwa, na upepo wa kusi umezipoza jioni. Kundi letu hupanga msimu wake kwa kalenda hiyo, kwa hiyo usaili wa waigizaji hufanyika mapema, mvua zinapoishia, katika darasa tunaloazima siku ya Jumamosi. Mwaka huu tuna kazi tatu: Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, Ngoswe: Penzi Kitovu cha Uzembe ya Edwin Semzaba, ambayo wanafunzi wa sekondari huja kuitazama na vitabu mkononi, na igizo fupi la mirathi tunalolitunga wenyewe. Kila anayekuja husoma kipande tunachompa, kisha hutusimulia jambo lolote kwa maneno yake.

Miongoni mwa waliokuja alikuwapo binti aliyesindikizwa na baba yake, mzee wa Kimatumbi kutoka upande wa Kipatimu. Tulisalimiana, tukaulizana habari za nyumbani, kisha akasema mbele ya wote: “Mwalimu, huyu nimemlea kwa kumkataza uongo tangu hajang'oa meno ya utoto. Leo nimemleta mumshindanishe na wenzake, mpate kujua nani anajua kudanganya zaidi. Hilo mbele ya Mungu tunalisemaje?”

Mzee hakuwa na dhihaka. Swali lake linastahili jibu refu kuliko nililoweza kumpa pale mlangoni, na jibu lenyewe ni hili.

Majibu mepesi nayajua. Wapo wanaosema kwamba sanaa ni sanaa, isipimwe kwa mizani ya dini. Siyakubali hayo, kwani kila analolifanya mtu mzima kwa hiari yake lina hesabu yake. Wapo pia wanaosema kwamba igizo linafundisha, kwa hiyo uongo wake ni halali. Hayo nayo siyakubali. Tukiuhalalisha uongo kwa sababu ya faida, hakuna mwongo atakayekosa faida ya kutuonyesha. Ama kuigiza si kudanganya, ama tuache kuigiza.

Aliyelishika swali hili kwa uchungu kuliko wote niliowasoma ni Mwafrika mwenzetu, Augustino, aliyezaliwa mwaka 354 huko Thagaste, mji ulio katika Algeria ya leo, akasomea Karthago. Ujanani alipenda mno maonyesho ya jukwaani. Baadaye, akiwa askofu, aliandika katika Maungamo kwamba alikuwa akililia misiba ya watu wa kubuni, akajiuliza: ni huruma gani hii, ambayo mtazamaji haitwi kumsaidia yeyote, anaitwa kuhuzunika tu? Katika kitabu kingine, Soliloquia, alimtaja Roscius, mwigizaji mashuhuri wa Roma, katika nafasi ya Hekuba, malkia wa Troya. Hapo akakuta fundo. Roscius asingekuwa mwigizaji wa kweli kama asingekubali kuwa Hekuba wa uongo. Ukweli wa kazi yake ulisimama juu ya uongo wa umbo lake, na Augustino akasema kwamba ukweli anaoutafuta yeye hauwezi kuwa na sura mbili.

Hata hivyo, katika kitabu hichohicho alituachia mlango. Aliwatenganisha watu wawili: anayetaka kudanganya, na anayebuni ili kufurahisha bila kukusudia kumpoteza mtu. Mlango huo unafahamika kwetu tuliokulia madrasa, tuliofundishwa kabla hatujajua kusoma vizuri kwamba amali hupimwa kwa nia. Mwongo anahitaji vitu viwili: nia ya kumfanya mwenzake aamini lisilokuwapo, na pazia la kuificha nia hiyo. Pazia likifunuka, uongo umekufa. Igizo halina pazia la namna hiyo. Mtazamaji anajua kwamba yule anayenyongwa jukwaani atapanda bodaboda kurudi kwake Mtanda. Anajua, na bado analia. Mtu ambaye hakuaminishwa lolote la uongo huwezi kusema amedanganywa.

Wamakonde, jirani zetu wa kusini na wa ng'ambo ya Ruvuma, walilijua jambo hili zamani. Katika ngoma ya mapiko mchezaji huvaa kinyago cha mti na kujifunika nguo mwili mzima, hata ngozi yake usiione. Watoto ambao hawajaingia jandoni waliachwa waamini kwamba ule ni mzimu. Kijana akishaingia jandoni alionyeshwa kwamba ndani yumo mtu, pengine mjomba wake. Kinyago ni kilekile na ngoma ni ileile. Kilichobadilika ni kwamba sasa kijana anajua. Jana ilikuwa hila juu yake, leo ni mchezo anaoweza kuucheza yeye mwenyewe. Na wanaojua hawakuacha kwenda ngomani.

Mzee wangu angeweza kunirudi hapo: haya, igizo si uongo, maana watazamaji wameridhia. Lakini usaili je? Pale mnapima nini, kama si kumtafuta yule ambaye sura yake inaficha vizuri zaidi?

Hapa lazima nieleze tunavyofanya kazi. Kipande tulichowapa wanaume mwaka huu kinatoka mwishoni mwa Kinjeketile. Kinjikitile wa historia alikuwa mganga wa Ngarambe, upande wa Rufiji, na Wajerumani walimnyonga Mohoro mwezi Agosti 1905, Vita vya Majimaji vikiwa vichanga. Huku kwetu wako watu ambao mababu zao walinyunyiziwa maji yake ya kuzuia risasi, na njaa iliyofuata vita iliua wengi kuliko risasi. Hussein, aliyeitoa tamthiliya yake mwaka 1969, alitamka wazi kwamba Kinjeketile wake ni mtu wa kubuni. Kinjeketile huyo yumo kifungoni. Ameshaanza kulitilia shaka neno alilowapa watu, na waliomfunga wanamtaka atamke kwamba maji yalikuwa uongo. Anakataa, kwa kuwa anaona watoto na wajukuu wataambiwa kwamba wazee wao walikosea kupigania ardhi yao. Ni kipande kizito kwa usaili, maana anayekisoma anamcheza mtu asiye na hakika kama yeye mwenyewe ni mkweli.

Kijana mmoja alikisoma kwa machozi ya kweli, yakamtiririka hadi kidevuni. Sauti yake ilikuwa nzito na nzuri. Nikamwomba arudie, na safari hii mwenzake aliyesoma maneno ya Kitunda, rafiki wa Kinjeketile, aseme kwa hasira badala ya huzuni. Akarudia vilevile, machozi yakaja mahali palepale, akatua mahali palepale. Hasira ya Kitunda haikumfikia. Wa pili, fundi wa pikipiki, alisoma akikwama kwama. Lakini Kitunda alipobadilika, naye alibadilika. Aliisikia ile hasira, akanyamaza, akamtazama mwenzake usoni, kisha akajibu kwa sauti ya chini kama mtu ambaye ndiyo kwanza ametambua kwamba rafiki yake amemchoka. Tulimchukua huyu wa pili.

Tunachokipima ni kusikiliza. Vijana wanazungumza sana juu ya kuvaa uhusika, lakini uhusika haumkai mtu ambaye hajampisha mwingine ndani ya nafsi yake. Mwongo hawezi kumpisha mwingine. Akizungumza nawe, akili yake yote iko kwenye kukilinda alichokificha. Maneno yako kwake ni hatari ya kukwepwa. Mwigizaji akifanya hivyo jukwaani amekwisha, kwa kuwa mwenzake atakuwa anazungumza peke yake na watu watauona utupu kati yao. Sifa ya mwongo na sifa ya mwigizaji zinavutana pande mbili. Katika uzoefu wangu, waliozoea ujanja wa maneno ndio wanaopata taabu zaidi mazoezini.

Binti wa mzee alisoma nafasi ya Mazoea wa Ngoswe, mtoto wa balozi Mitomingi, anayekubali kutoroka na karani wa sensa. Baba yake alikuwa ameketi nyuma ya darasa akimsikiliza. Alisoma vizuri. Hakumtukana Mazoea kwa sauti yake wala hakumpamba. Alitupa msichana anayeogopa na anayetaka, vyote kwa pamoja. Ili afike hapo ilimbidi ajiulize ni kitu gani kinachoweza kumtoa msichana nyumbani kwao, naye ajibu bila kumdharau. Kulielewa kosa si kulitenda. Misikiti na makanisa ya mji huu yanatuagiza tumwone mwenzetu kabla ya kumhukumu, na sijui shule nyingine inayomfundisha kijana jambo hilo kwa mwili wake mwenyewe kama hii. Nafasi ya Mazoea tulimpa yeye.

Swali la mzee halijaisha, na sehemu iliyobaki inatuhusu sisi. Uongo kwenye usaili upo. Nimeuona katika miaka yangu ya kazi hii, na mara nyingi unakaa upande wa meza walioketi wachaguzi. Upo pale nafasi inapokuwa imeshatolewa kwa mpwa wa fulani, na wengine wakaitwa kujaza daftari. Upo pale kijana aliyetoka mbali anapoambiwa “tutakupigia”, wala hakuna anayekusudia kupiga. Na upo kwa ubaya wake wote pale mwenye mamlaka ya kuchagua anapomwambia msichana kwamba nafasi ina bei, na bei ni mwili wake. Rushwa ya ngono si siri katika fani yetu, na kuinyamazia ni kushiriki. Hapo vitu viwili vya mwongo vimetimia: nia ya kudanganya, na pazia la kuificha. Mtu huyo anajionyesha kuwa anapima kipaji, kumbe anawinda.

Ndiyo maana tumejiwekea masharti. Mlango wa darasa hukaa wazi. Wasaili hawapungui watatu, na lazima awemo mwanamke. Mzazi au ndugu anaruhusiwa kuketi. Hakuna usaili wa usiku wala wa nyumbani kwa mtu. Asiyechaguliwa anaambiwa ana kwa ana, na sababu anayopewa inahusu kile alichokisoma. Yule kijana wa machozi nilimwambia, “Mwanangu, hukumsikia Kitunda.” Hilo niliweza kulisema kwa kuwa nililiona. Kumwambia hana kipaji, au hana moyo, nisingekuwa na haki, maana moyo wake sijauona. Anayeuona ni Mungu peke yake. Kuchagua waigizaji ni amana yenye mpaka. Nimekabidhiwa nipime kazi aliyoifanya mtu mbele yangu, sikukabidhiwa thamani yake. Mpaka huo ukivukwa, msaili amejipa kiti kisicho chake.

Nao wanaotaka kumlainishia kijana kwa kumwambia alifanya vizuri sana, ilhali hakufanya, nawaomba wafikiri tena. Kijana huyo atarudi kwao na maneno yetu, atayajenga maisha juu yake, na mwaka ujao atakuja na kosa lilelile. Kundi linalojitetea kwamba uigizaji si uongo, halafu likawadanganya waigizaji wake kwa upole, limejinyima haki ya kujitetea.

Linabaki pingamizi la Augustino juu ya huruma isiyotenda. Siwezi kulifuta lote. Wapo watakaomhurumia Mazoea jukwaani, na kesho yake wawanyime binti zao hata nafasi ya kusema wanachotaka. Igizo halimshiki mtu mkono likampeleka kutenda mema. Lakini Augustino alizungumza kama mtazamaji. Anayecheza yuko mahali pengine: kwake huruma ni kazi ya kila jioni, ya kumrudia mtu mmoja hadi amwelewe. Na anayechagua yuko karibu zaidi. Mbele yake hasimami Hekuba wala Kinjeketile. Anasimama fundi wa pikipiki aliyefunga banda lake siku nzima, na msichana aliyehesabu nauli ya kurudi. Hawa si wa kubuni. Huruma juu yao inaitwa kutenda papo hapo, kwa kuwasikiliza hadi mwisho, kwa kuwaambia kweli, na kwa kutowagusa. Msaili akikosa hayo, lawama ya Augustino ni yake, tena kwa uzito kuliko aliyoitaja mwenyewe.

Kwa hiyo, mzee wangu, binti yako hukumleta kushindania udanganyifu. Alikuja kupimwa kama anaweza kumpa mwingine nafasi ndani yake, na hilo halipingani na malezi uliyompa. Ni tunda lake. Umefanya vema kumsindikiza, na vema zaidi kuuliza. Naomba tu swali lako uligeuze, ulielekeze kwetu tunaochagua, na kila mzazi anayemtoa mwanawe kwenda kwenye usaili alibebe. Ulizeni ni nani watakaokuwamo chumbani. Ulizeni kama nafasi ziko wazi kweli. Ulizeni asiyechaguliwa ataambiwa nini, na nani, na lini. Kundi lisiloweza kuyajibu hayo hadharani, mwondoeni mtoto wenu hapo, hata likiwa ni kundi langu.