Ukitaka Kumjua Nondo, Mlishe Kiwavi

Kuna swali la maadili ambalo nimelipata mahali ambapo hukai kutarajia maswali kama hayo: kwenye kazi ya kumtambua nondo. Nazungumzia wale wadogo wa kahawia wanaozunguka taa ya jikoni, ambao mtu huwapiga na patipati bila kuwaza. Kitale na Bungoma nondo hao si mapambo ya usiku. Watoto wao wanakula mahindi, na mahindi ndiyo ugali, ndiyo karo, ndiyo deni la mbolea.

Kumtambua nondo kuna masharti. Akiwa kiwavi wa siku mbili tatu, hana alama ya kutegemewa. Viwavi wa aina tofauti hufanana kama punje za mtama. Akiwa mkubwa, baadhi yao, hasa majike, ni kahawia tupu. Kwa hiyo anayetaka uhakika humtia kiwavi kwenye chupa yenye kifuniko kilichotobolewa, humkatia majani mabichi kila siku, humsafishia kinyesi, kisha husubiri wiki kadhaa mpaka ajifunge ndani ya ganda na kutoka na mabawa. Hakuna njia ya mkato. Ili umjue, lazima umlishe.

Hapo ndipo swali linapozaliwa. Kukhu, nyanya yangu wa Chwele, aliziona chupa zangu tatu dirishani, akazitazama kwa muda, akauliza, "Mjukuu wangu, kwani mahindi ya kufuga wadudu tunayo?"

Hakuwa anatania. Alikuwa ameuliza, kwa njia yake, swali ambalo sijaacha kulifikiria: je, tuna wajibu wowote wa kumjua yule ambaye tayari tumeamua kumuua?

Jibu la haraka ni hapana. Kiwavi ni kiwavi. Nenda agroveti, nunua dawa, piga. Lakini kwenye shamba moja la mahindi kati ya Kitale na Bungoma unaweza kukuta viwavi watatu, na maisha yao hayafanani hata kidogo.

Wa kwanza ni mwenyeji, Busseola fusca, funza wa mabua. Alielezwa kisayansi mwaka 1901, na nyanda za juu kama Trans Nzoia ndizo nyumbani kwake hasa. Jike huficha mayai kati ya jani na shina, pale jani linapolikumbatia shina. Watoto hupanda mpaka kwenye moyo wa mmea, hula majani machanga, kisha hutoboa shina na kuingia. Akishaingia, dawa ya kunyunyiza haimfikii tena. Kiangazi kikifika, kiwavi aliyekomaa hulala ndani ya bua kavu kwa miezi, akingoja mvua. Lile rundo la mabua nyuma ya boma ni bweni. Anayeyajua maisha yake huyatandaza mabua juani au huwapa ng'ombe mapema, na huwapunguza wengi kabla msimu haujaanza.

Wa pili ni kiwavijeshi wa Afrika, Spodoptera exempta. Huyu huja kwa makundi, hutembea mchana kweupe, hufyeka nyasi na nafaka, kisha nondo wake huondoka na upepo. Ni balaa linalopita.

Wa tatu alitoka Amerika: Spodoptera frugiperda. Aliripotiwa Afrika Magharibi mwaka 2016, na mwaka 2017 alikuwa ameshaingia kwenye mashamba yetu ya magharibi mwa Kenya. Ana mistari kama herufi Y iliyopinduliwa usoni, na karibu na mkia ana madoa manne yaliyopangwa mraba. Jike mmoja anaweza kutaga zaidi ya mayai 1,000. Mchana hujichimbia ndani ya moyo wa mmea, chini ya kinyesi chake kinachofanana na vumbi la mbao.

Watu wengi walimwita huyu wa tatu kwa jina la wa pili. "Viwavi jeshi wamekuja," tukasema, kana kwamba ni balaa litakalopita. Halikupita, alikuja kukaa. Anayempiga dawa saa sita za mchana huku amejificha, anaosha majani tu. Jina lililokosewa linalipiwa kwa pesa taslimu, na anayelipa ni mtu aliyekopa kununua hiyo dawa. Hiyo ndiyo sababu yangu ya kwanza ya kusema wajibu upo. Si deni tunalodaiwa na kiwavi. Tunadaiwa na yule anayelima.

Sababu ya pili ina jina la mji wetu. Kuna nyigu mweusi wa milimita chache tu, Cotesia sesamiae, ambaye hutaga mayai ndani ya kiwavi wa mabua. Watoto wa nyigu humla kiwavi kutoka ndani, kisha hutoka na kufuma vifuko vyeupe. Watafiti wa ICIPE waliwalinganisha nyigu wa Kitale na wale wa Mombasa. Kwa macho ni walewale, na jina ni lilelile. Lakini ukimpa nyigu wa Mombasa kiwavi cha Busseola, mwili wa kiwavi huyazingira mayai yake na kuyaua. Nyigu wa Kitale akimchoma kiwavi huyohuyo, watoto wake wanakua salama. Yule wa Pwani hajaishi na Busseola. Huyu wa kwetu amezoeana naye tangu zamani.

Mimi nyigu huyo alinifundisha kwamba hata jina sahihi halitoshi. Majina yanaweza kufanana, maisha yakatofautiana, na maisha ndiyo yanayoamua nani atapona. Tena, mara nyingine ukimlisha kiwavi kwenye chupa, hatoki nondo kabisa, wanatoka nyigu. Uliyemwona ni adui alikuwa amembeba rafiki yako tumboni. Ungemponda siku ya kwanza, ungewaponda wote, na usingejua umepoteza nini.

Najua pingamizi lake, kwa sababu Kukhu alinipa siku hiyohiyo. "Wewe unangoja mwezi mzima umwone akiruka. Mahindi yangu yatangoja?" Hayatangoji, na maadili yanayomtaka mkulima mwenye ekari moja awe mtafiti kabla ya kuokoa chakula chake ni maadili ya watu walioshiba. Kukhu hutia majivu kwenye moyo wa kila mmea, huokota viwavi kwa mkono asubuhi na mapema, na hana la kujitetea mbele yangu.

Lakini pingamizi hilo haliufuti wajibu. Linauhamisha tu. Kama anayelima hawezi kungoja, basi angoje yule anayeweza, awe mtafiti anayelipwa na kodi au mjukuu aliyekuja likizo na simu yenye kamera. Chupa moja inatosha kijiji. Mbinu ya sukuma-vuta, iliyojaribiwa kwenye mashamba ya Suba na Trans Nzoia mwishoni mwa miaka ya 1990, ilipatikana hivyo. Kuna watu waliokaa wakaangalia nondo anapenda kutaga wapi, na watoto wake wanakufa wapi. Ndiyo maana unapanda desmodiamu katikati ya mahindi, harufu yake imfukuze, na nepia pembeni, imvute akatage mahali ambapo wengi wa watoto wake hawatapona. Waliongoja walifanya hivyo ili wengine wasilazimike kungoja.

Na ukingoja, hata hili neno "mgeni" linaanza kukuteleza. Tunasema frugiperda ni mvamizi, na kweli ametuumiza. Lakini mahindi yenyewe yalitoka wapi? Amerika, kama yeye. Amekifuata chakula cha kwao. Mwenyeji Busseola alikuwa akila mtama na nyasi za porini kabla mahindi hayajafika. Ile H611 iliyotoka Kitale mwaka 1964, mbegu ambayo wazee wanaitaja kama mtoto wa nyumbani, ilizaliwa kwa kuchanganya mahindi ya Kitale na mahindi ya Ecuador. Hapa kwetu aliyetangulia ndiye anayetoboa, na aliyekuja baadaye ndiye anayetulisha. Kujua nani alifika lini hakukuambii ni nani wa kumwogopa.

Hili lingebaki jambo la shambani tu kama sisi wenyewe tusingelitoa huko. Simlinganishi mtu na mdudu. Siasa zetu ndizo zilizofanya hivyo. Neno "madoadoa" lilitumika Bonde la Ufa kuwaita majirani waliotakiwa waondoke, na kuna waliokufa kwa sababu yake. Mwaka 2022, kabla ya uchaguzi, Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ililiweka kwenye orodha ya maneno ya chuki, pamoja na "kwekwe", neno jingine la shambani. Trans Nzoia, kaunti iliyojaa watu waliohamia kutoka kila upande, haikuhitaji kufafanuliwa maana yake.

Ona jinsi maneno hayo yanavyofanya kazi. Hayasemi mtu huyu ni nani, anaishije, amemzika nani kwenye udongo huu. Yanampa jina lenye hukumu ndani yake, na baada ya hapo hakuna haja ya kuuliza kitu. Ni kule kuponda siku ya kwanza, ila sasa anayepondwa ana mlango, na nyuma ya mlango kuna watoto.

Kwa kiwavi, haraka ina udhuru wake. Jani linaliwa, msimu unapita, na Kukhu ana haki ya kuniambia niondoe chupa zangu dirishani. Kwa jirani, udhuru huo haupo. Hakuna jani linaloliwa wakati unamuuliza ametoka wapi na anapitia nini. Anayekuambia hakuna muda wa kuuliza anajua ukimjua jirani yako, hutampa jina hilo.