Mwamba Ngoma Huvutia Kwake

Watu waliosoma riwaya moja wakutanapo, swali lao la kwanza huwa hili: wewe ulimpenda nani? Laonekana kuwa swali la kupitisha saa za jioni tu. Lakini hadithi ikiwa yasimuliwa na watu wengi, kila mmoja kwa kinywa chake, swali hilo huwa zito. Maana kumpenda msimulizi ni kumsadiki, na kumsadiki mmoja mara nyingi ni kumhukumu mwingine asiyekuwapo kujitetea.

Tuchukue mfano. Mwaka 1998 mwandishi wa Marekani, Barbara Kingsolver, aliyepata kuishi Kongo utotoni mwake, alitoa riwaya iitwayo The Poisonwood Bible. Nathan Price, mhubiri wa Kibaptisti wa jimbo la Georgia, awachukua mkewe na binti zake wanne mwaka 1959 mpaka Kilanga, kijiji cha kubuniwa nchini Kongo. Tarehe 30 Juni 1960 nchi yapata uhuru. Januari 1961 Patrice Lumumba auawa. Na katika misukosuko ya siku hizo kitinda mimba wa nyumba hiyo aumwa na nyoka, afa. Wanaosimulia ni watano: mama Orleanna, na binti zake Rachel, Leah, Adah na Ruth May. Nathan mwenyewe hapewi hata sura moja.

Wasomaji wengi humchagua Leah. Huyu aanza kwa kumfuata baba yake kama kivuli, kisha aona udhalimu na kuukataa, aolewa na mwalimu Mkongo, Anatole, na kubaki Afrika. Wapendao akili humchagua Adah, aliyezaliwa na upande mmoja wa mwili ulio dhaifu, msichana wa maneno machache ambaye huyasoma maandishi hata kinyumenyume. Ruth May hupendwa kwa utoto wake. Rachel, mpenda kioo na nguo nzuri, ambaye hukosea maneno kila mara na mwishowe apata hoteli yake mwenyewe, huchekwa.

Basi yafaa tujihoji. Je, twampenda Leah kwa sababu ni mwema, au kwa sababu twatamani kudhaniwa kuwa kama yeye? Na Rachel twamcheka kwa kuwa ni mbaya kuliko sisi, au kwa kuwa atamka hadharani yale ambayo sisi twayaficha? Nani kati yetu asiyependa kitanda laini na mlango wenye kufuli wakati jirani ana shida? Chaguo letu latuonyesha tunavyotaka kuonekana. Kicheko chetu chaonyesha zaidi jinsi tulivyo.

Tumgeukie sasa baba asiyesema. Makosa yake ni makubwa. Ang'ang'ania kuwabatiza watoto mtoni, wala hataki kusikia kwamba mamba wamekwisha kumchukua mtoto mahali hapo. Ahubiri kwa neno la kienyeji, bangala, akikusudia kusema kwamba Yesu ni wa thamani kuu. Lakini kwa matamshi yake mabaya neno hilo huwa jina la mti wenye sumu iunguzayo ngozi. Kila mhubiri, awe wa dhehebu lo lote, na akae na mfano huo: neno jema katika kinywa cha mtu asiyesikiliza laweza kuwadhuru watu.

Lakini haya yote twayajua kwa vinywa vya wale aliowaumiza. Mwamba ngoma, wasema wahenga, ngozi huivutia kwake. Je, ni haki kumhukumu mtu hivyo? Mtu aweza kujibu: Nathan alisema peke yake miaka mingi, mimbarani na mezani, sasa ni zamu ya waliokaa kimya. Jibu hilo lina nguvu. Hata hivyo tusipite haraka mahali pamoja. Ni Orleanna, mkewe, atuambiaye kwamba katika vita Nathan aliokolewa huko Bataan kabla wenzake wa kikosi hawajatembezwa hadi kufa, na kwamba alirudi nyumbani na aibu ya kubaki hai. Aliyeumizwa kuliko wengi ndiye aletaye ushahidi unaomsaidia mkosaji. Hasemi kwamba mumewe hakukosa. Kueleza sababu ya kosa si kulifuta. Lakini akataa kumficha msomaji jambo la kweli kwa kuwa tu lampunguzia yeye haki ya kuchukia. Kama ni lazima kuchagua mmoja katika watano, sisi twamchagua huyu, wala si kwa sababu asema vizuri kuliko wengine.

Kuna kimya kingine pia. Anatole, chifu Tata Ndu na kijana Nelson hawana sura zao. Huenda mwandishi aliona si vema kusema kwa kinywa asichokijua, na hilo ni jambo la heshima. Lakini msomaji na akumbuke: kijiji kizima kilikuwa na habari yake ya kueleza juu ya wageni wale, na habari hiyo haimo kitabuni.

Somo hili si la vitabu tu. Watoto wakigombana, mwenye ulimi mtamu hufika kwanza kwa mama, na mwenye kigugumizi hupata adhabu. Katika baraza la ukoo, juu ya shamba au urithi, mjane husimuliwa na mashemeji. Kila nyumba ina msimulizi wake apendwaye. Wazazi, msiwaulize watoto wenu tu ni nani waliyempenda hadithini. Waulizeni pia ni nani asiyepewa nafasi ya kusema. Kisha, kabla ya kukata neno nyumbani mwenu, jiulizeni swali lilo hilo.