Kupokea Jambo Linalobishaniwa

Katika programu huria za kompyuta, mtu ye yote ana ruhusa ya kuusoma msimbo, kuutengeneza na kuleta badiliko lake. Lakini ufunguo wa kulipokea badiliko hilo katika kazi ya wote umo mikononi mwa watu wachache, ambao ni watunzaji wake. Badiliko lisilo na mpinzani halimsumbui mtunzaji. Shida huja pale ambapo watu wawili wenye maarifa hutazama jambo moja, huyu akaona tiba na yule akaona sumu. Alipokee lini? Swali hilo laonekana geni kwa sababu ya kompyuta, lakini wakulima wa milima ya Uluguru walilikuta katika jembe.

Miaka ya 1950 ilipoanza, serikali ya kikoloni ya Tanganyika iliweka mpango wa matumizi ya ardhi katika milima hiyo. Sababu yake haikuwa ya uongo: mvua ilikuwa ikiporomosha udongo wa miteremko, na mto Ruvu una vyanzo vyake huko. Dawa iliyoagizwa ilikuwa kuchonga matuta ya ngazi. Waluguru walikuwa na pingamizi, nazo zilikuwa pingamizi za watu waijuao kazi. Udongo wenye rutuba katika miteremko ile ni mwembamba. Achongaye ngazi huufukia ulio juu, akaufunua ulio chini usiozaa. Tena ardhi ilikuwa ya ukoo, chini ya mndewa, na wako waliolima kwa kuazima; kujenga kitu cha kudumu juu ya ardhi ya kuazima ni jambo zito kwa aazimaye na kwa aazimwaye.

Pingamizi hizo zilijibiwa kwa amri na adhabu. Watu wakachonga, lakini aliyezihesabu ngazi zao alihesabu jasho, si ridhaa. Julai 1955 umati ulikusanyika Matombo, mawe yakarushwa, polisi wakafyatua risasi, na mtu mmoja akauawa. Mpango ukaachwa.

Jumuiya ya mafundi wanaotunga kanuni za intaneti ilitoa waraka mwaka 2014 juu ya maana ya kukubaliana. Waraka huo wasema kwamba pingamizi si lazima lifuatwe, bali ni lazima lipimwe na kujibiwa kwa hoja. Na kwamba watu watano wanaounga mkono, mbele ya mia wanaopinga, wanaweza kuhesabiwa kuwa wana makubaliano, ikiwa hoja za wale mia zimekwisha kujibiwa. Ni kauli nzito, na bwana shamba wa kikoloni angaliipenda nusu yake ya kwanza. Nusu ya pili ndiyo iliyomshinda: hoja ya udongo mwembamba haikupata jibu.

Yawezekana kusemwa kwamba msimbo mbaya hutenguliwa, nakala ya jana ikarudi, hali udongo uliofukiwa haurudi. Ni kweli, na kwa hiyo mwenye jembe alistahili kungojewa zaidi kuliko mwenye kompyuta. Lakini tofauti hiyo isikuzwe mno. Linus Torvalds, aliyeanzisha Linux mwaka 1991, ameshikilia sana kwamba badiliko la kiini cha mfumo lisizivunje programu za watumiaji zilizokuwa zikifanya kazi. Kitu kikiisha kupokelewa, wengine hujenga juu yake, wala hawana habari ya ugomvi uliotangulia. Kukitengua ni kuwabomolea watu wasiohusika. Hapo msimbo nao huwa udongo.

Na je, ngazi zenyewe zilikuwa kosa? Kuanzia mwaka 2006, katika Kibungo Juu, mashirika ya CARE na WWF yaliwaendea wakulima wa milima ile ile kwa ajili ya maji ya Ruvu, ambayo hunywewa Dar es Salaam. Safari hii wakulima waliingia kwa mapatano, nao walilipwa kwa kuhifadhi udongo, fedha zikitoka kwa watumiaji wa maji huko chini. Miongoni mwa njia zilizotumika yalikuwamo matuta ya ngazi.