Ngitili ya Jirani

Tuseme moto wa nyika unasukumwa na upepo kuelekea nyumba za kijiji, huko Shinyanga. Njia ya kuuzuia ni moja: kuitangulia kuichoma ngitili ya jirani aliye safarini, moto ukifika ukose cha kula. Je, ni haki?

Ngitili si kichaka cha ovyo. Ni malisho yaliyofungwa tangu masika ili yaokoe ng'ombe kiangazi. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulioanza 1986, ulizifufua nyingi.

Mimi nasema ichomwe. Lakini dharura hutuondolea dhambi tu, deni linabaki. Waliookolewa nyumba zao wawalishe ng'ombe wake hadi mvua, wala wasimwambie, "Hata hivyo ingeungua." Huenda ni kweli, ila walioshika kiberiti ni wao.