Nani Aliweka Sahihi kwa Niaba ya Majengo?

Fungua tovuti ya chuo kikuu chochote cha Afrika Mashariki, hutaikosa picha ile. Wakuu wawili wa vyuo wamekaa mezani, mbele yao bendera ndogo mbili, kalamu ziko mkononi, na nyuma yao wamejipanga watu wa suti wakitabasamu. Maelezo ya chini yanasema vyuo hivyo vimetia sahihi hati ya makubaliano ya kushirikiana katika utafiti na kubadilishana wanafunzi. Kwa kazi yangu nimeziandikia habari picha za namna hiyo mara nyingi, na nyingi hazina cha kuandika zaidi ya majina na vyeo. Lakini kuna ubia mmoja ambao kila nikiufikiria unanirudisha kwenye swali ambalo picha ile haiwezi kulijibu. Makubaliano ya utafiti yana pande ngapi hasa?

Ubia wenyewe ni wa Chuo Kikuu cha Nairobi na Chuo Kikuu cha Manitoba, Kanada. Ulianza mwaka 1980, kabla dunia haijalisikia neno Ukimwi. Madaktari wa Nairobi walikuwa wanasumbuliwa na vidonda vya sehemu za siri vinavyoambukizwa kwa ngono. Profesa Herbert Nsanze wa Nairobi akatafuta mwenzake wa kumsaidia, na Allan Ronald wa Manitoba, ambaye mji wake wa Winnipeg ulikuwa umepata mlipuko wa ugonjwa huohuo, akaja. Tuutazame vizuri mwanzo huo, maana mara nyingi husimuliwa vibaya. Hakuna aliyeshuka kutoka kwenye ndege kuja kutuokoa. Mwenyeji aliita, mgeni akaitika.

Na mgeni alikaa. Frank Plummer, Mkanada aliyefika akiwa daktari kijana, aliishi Nairobi zaidi ya miaka 15, na ni Nairobi alikofia Februari 2020, alipokuwa amekuja kwa mkutano wa ubia huohuo. Kwa hiyo wale wanaopenda kusema kila mtafiti wa kizungu ni mwizi wa damu watafute mfano mwingine. Huu ni mgumu kidogo, na kwangu mimi ugumu wake ndio faida yake.

Utafiti ulipelekwa Majengo, mtaa wa Pumwani, mahali ambapo biashara ya ngono ni ya tangu enzi za mkoloni. Aliyewafungulia watafiti mlango alikuwa muuguzi Mkenya, Elizabeth Ngugi, ambaye baadaye alikuwa profesa. Aliitisha baraza. Akakaa na wanawake, akazungumza nao kama watu wenye akili zao, wakajipanga katika vikundi na kuchagua viongozi wao. Mwaka 1985, kipimo cha virusi kilipopatikana, damu yao ikapimwa. Karibu theluthi mbili yao walikuwa tayari wameambukizwa. Hebu jaribu kuwa mtu wa kurudi kwenye baraza na jibu hilo.

Kisha likatokea jambo ambalo halikutarajiwa. Miaka ilipita, na wanawake wachache, walewale wenye wateja kila siku katika mtaa ambao virusi vimejaa, wakawa wanapimwa na kuonekana hawana kitu. Wanapimwa tena, hawana kitu. Mwaka 1996 habari yao ikachapishwa katika jarida la kitabibu la Lancet, na Majengo ikawa jina linalotajwa kwenye kumbi za mikutano ambazo wanawake wa Majengo wasingeweza hata kuuliza bei ya chai yake. Ikaonekana miili yao ina chembe za kinga zinazovitambua virusi. Wanasayansi wa Oxford, waliokuwa wameingia katika ushirikiano huo, wakaanza kubuni chanjo itakayoufundisha mwili wa mtu mwingine yeyote kufanya ambacho miili ya wanawake wale ilijifundisha yenyewe.

Mwaka 2000 ukazuka ugomvi. Watafiti wa Nairobi, wakiongozwa na Profesa Job Bwayo, waligundua kwamba hataza ya chanjo hiyo imeombwa Uingereza na majina yao hayamo. Kulikuwa na hasira, na ilikuwa hasira ya haki kabisa. Miaka kadhaa mnafanya kazi pamoja, halafu kwenye karatasi ya mali mwenzako anaandika jina lake peke yake? Baada ya mvutano walikubaliana kumiliki kwa pamoja. Nairobi ilipata nafasi yake mezani. Sisi waandishi tunazipenda habari za aina hii, zinaandikika kama mechi: timu ya nyumbani ilikuwa nyuma, ikasawazisha.

Hapo ndipo ninapokwama. Nairobi ilisema, kwa ufupi, kwamba bila sisi kusingekuwa na chanjo ya kubishania. Ni kweli. Lakini sentensi hiyohiyo mwanamke wa Majengo angeweza kuisema kwa sauti kubwa zaidi, na hakuna aliyemwandikia nafasi katika hataza, wala katika hati ya makubaliano, wala katika picha. Vyuo vilipogawana umiliki, haki ilitendeka kati ya vyuo. Tukaiita haki ya Kenya. Kwani Kenya ni chuo?

Najua majibu yanayotolewa, na si majibu ya kijinga. La kwanza ni kwamba walitoa ridhaa. Walielezwa, wakakubali, na hakuna aliyeshikwa mkono. Sawa. Lakini ridhaa ni jibu la swali moja tu, kama unakubali kutolewa damu. Haisemi lolote kuhusu kitakachofuata baada ya damu kuondoka kwenye chupa. Mtu anaweza kukukaribisha ndani kwa moyo mweupe na bado ukamkosea ukiwa mlemle ndani.

La pili ni kwamba walipata matibabu. Hili nalichukulia kwa uzito mkubwa. Magonjwa ya zinaa yalitibiwa bila malipo, kondomu ziligawiwa, na matumizi yake yalipanda sana kwa sababu ya kazi ya Ngugi na wanawake wenyewe. Kuna watu wako hai leo kwa ajili hiyo, wakiwemo wateja ambao hawatakiri kamwe kwamba waliwahi kufika Majengo. Mtu akiniuliza kama ingekuwa afadhali ubia ule usiwepo, nitamjibu hapana bila kufikiri mara mbili. Hata hivyo matibabu hayo yalikuwa nini? Kama yalikuwa hisani, basi aliyetoa anaweza kuyakatiza atakapo, na aliyepokea anatakiwa kushukuru. Kama yalikuwa malipo, basi kulikuwa na kazi, na mfanyakazi ana haki ya kujadili ujira. Kama ulikuwa ubia, basi kulikuwa na mbia wa tatu. Tumeyaacha yawe yote matatu kwa pamoja, na kila ikihitajika tunachagua jina linalompunguzia mzigo mwenye nguvu.

Mwanafalsafa Hans Jonas aliandika mwaka 1969 kwamba majaribio kwa binadamu yanapaswa kuanza na wale wanaolielewa na kulipenda zaidi lengo lake, yaani watafiti wenyewe, na ndipo tushuke taratibu na kwa kusitasita kuelekea kwa wasio na uwezo wa kukataa. Hakusema maskini wasiguswe kabisa. Alichodai ni kwamba anayetoa mwili wake awe amelifanya lengo kuwa lake. Majengo jambo hilo haliwezekani kwa kugeuza mpangilio, kwa sababu profesa hana damu inayotafutwa. Wenye damu hiyo ni wanawake walewale. Basi sharti la Jonas linabaki na njia moja tu, lengo lenyewe liwe pia la wanawake.

Na je, lilikuwa lao? Mwaka 2001 watafiti walichapisha matokeo ambayo mimi, nilipoyasoma, niliyafunga na kutoka nje kidogo. Baadhi ya wanawake waliodhaniwa kuwa na kinga walikuja kuambukizwa, na maambukizi hayo yalihusiana na kupunguza au kusimamisha kazi kwa muda. Inaelekea kinga yao ilikuwa inaamshwa na kukutana na virusi mara kwa mara. Mwanamke anapumzika, labda amekwenda nyumbani kuuguza mzazi, kinga inalala. Anarudi kazini kwa sababu pesa zimekwisha, ndipo anapatwa.

Kwa sayansi huo ni ugunduzi wa maana, maana chanjo ni lazima ijue kinga inadumu vipi. Kwa mwanamke ni habari ya namna nyingine kabisa. Kile kinachomfanya awe wa thamani kwa dunia kinahitaji aendelee kuishi maisha ambayo pengine anatamani kuyaacha. Sisemi kuna mtafiti aliyemtaka aendelee, na kumzulia mtu nia hiyo ni dhambi. Nasema maswali ya utafiti yalipangwa mahali ambapo swali lake halikuwa na kiti. Swali la mtaalamu wa virusi ni kwa nini huyu haambukizwi. Swali la huyu, kwa yeyote aliyewahi kukaa naye kwenye baraza, lina uwezekano mkubwa wa kuwa nitaiacha vipi kazi hii na watoto wale. Na hilo nalo linatafitika. Lina wachumi wake, lina wanasosholojia wake, na vyuo vyote viwili vina idara zao.

Chanjo yenyewe haikufika mbali. Majaribio yalianza Oxford mwaka 2000 na Nairobi mwaka uliofuata, na kufikia 2004 ilikuwa wazi kwamba haiamshi kinga ya kutosha. Ikaachwa. Kwa hiyo ukiniambia wanawake wa Majengo walidai asilimia fulani ya faida, nitakujibu kwamba asilimia yoyote ya sifuri ni sifuri. Ndiyo maana sidhani deni lao ni la pesa kwanza. Wangeweza kupewa jambo ambalo halitegemei chanjo kufaulu: sauti katika kuchagua kinachotafutwa. Mfano upo. Mwaka 2017 Wasani wa Afrika Kusini, waliochoka kuchunguzwa kama vitu vya makumbusho, walitoa kanuni zao wenyewe za maadili kwa kila mtafiti anayetaka kufika kwao. Baraza la Ngugi lilikuwa la kuelimishana na kujikinga. Lingeweza kukua likafika huko.

Kuhusu kubadilishana wanafunzi sitasema mengi, ingawa ndiyo sehemu inayopendwa kwenye zile picha. Ubia huu umesomesha Wakenya na Wakanada wengi, na ni jambo jema. Ila kwa Kiswahili kubadilishana ni nipe nikupe, na viza haijui neno hilo. Mkutano mkubwa wa kimataifa wa Ukimwi ulipofanyika Montreal mwaka 2022, wajumbe wengi kutoka Afrika walinyimwa viza ya Kanada. Damu ya Afrika ilikuwa imekwishaingia huko miaka mingi, kwenye barafu, na makaratasi yake yalikuwa safi.

Tuna msemo kwamba mgeni ni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Manitoba walilishika jembe, tena kwa miaka arobaini na zaidi, na Nairobi walilima nao. Swali langu ni la mwenye shamba. Januari 2025 serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, kliniki nyingi za Kenya zilizokuwa zikiwahudumia wanaouza ngono zilifunga milango ghafla. Jijini Nairobi huduma hizo zilikuwa zimetegemea mno fedha za nchi hiyo, nchi ambayo haikuwa hata upande mmoja katika makubaliano ya 1980. Mwanamke aliyetoa damu yake kwa sayansi tangu ujana wake, na ambaye sasa ni bibi, akifika asubuhi akakuta mlango umefungwa, amwendee nani na karatasi gani mkononi?