Damu Hupimwa Hadi Mji Ulio Karibu

Ndugu zangu wa Noonkopir, hapa Kitengela, ipo sheria moja katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 21, ambayo sisi wahubiri huipita mbio kwa sababu haiahidi mali wala ndoa. Mtu ameokotwa kondeni, ameuawa, na muuaji hajulikani. Wazee na waamuzi wanaamriwa watoke wakapime umbali kutoka pale maiti ilipolala hadi miji ya kandokando. Mji utakaoonekana kuwa karibu zaidi, wazee wake watateremka bondeni penye maji, watanawa mikono juu ya ndama jike, na kutamka mbele za Mungu kwamba hawakuimwaga damu hiyo wala hawakuiona ikimwagwa.

Sikilizeni vizuri. Wazee hao hawakuua. Hakuna shahidi aliyewataja. Kosa lao pekee ni kwamba mji wao uko karibu, na kwa Mungu ukaribu huo unatosha kuwatoa ofisini. Kisha wanatakiwa waape. Hebu niambieni, mzee ataapaje kwamba hakuona, ikiwa kichochoro ni chake, giza ni lake, na wananchi walishamlilia mpaka sauti zikawakauka?

Tupime basi, hapa kwetu.

Aprili 2021, wanaume wanne walikula chakula cha mchana Kitengela na hawakurudi makwao. Baadhi ya miili ikaja kuokotwa mbali, Murang'a. Agosti mwaka huohuo, vijana wawili, binamu, walizingirwa na umati huku kwetu, wakaitwa wezi wa mifugo na kuuawa bila mtu hata mmoja kuwafikisha kituoni. Agosti 19, 2024, Bob Njagi na ndugu wawili, Jamil na Aslam Longton, wakazi wa hapa, walichukuliwa na watu wasiojitambulisha. Siku 32 jamaa zao walihangaika mahakamani huku polisi wakikana kuwashika. Kaimu Inspekta Jenerali aliitwa na korti mara kadhaa asifike, hadi jaji akamhukumu miezi 6 kwa kuidharau. Hukumu hiyo iliondolewa alipojitokeza na kuomba radhi, na siku hizo hizo watatu hao wakaachiliwa. Mshukuruni Mungu kwamba walirudi hai. Kisha jiulizeni: katika siku hizo 32, wazee wa mji ulio karibu walikuwa wamesimama bonde gani?

Najua watakachojibu. Watasema polisi si wa kaunti. Na ni kweli, sitaki kumdanganya mtu. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limeiachia serikali ya kitaifa kazi ya polisi. Lakini usilifunge kabla hujafika sehemu ya pili. Humo kaunti imekabidhiwa barabara zake, taa za barabarani, magari ya abiria na maegesho, mipango ya ardhi na nyumba, leseni za pombe, zimamoto na majanga, mitaro ya maji ya mvua, na uzoaji wa taka. Isome orodha hiyo kwa macho ya dada anayetoka zamu ya usiku katika viwanda vya EPZ na kuingia mtaani akiwa ameshika viatu mkononi ili aweze kukimbia. Kwake yeye huo ndio usalama. Polisi huja baada ya tukio. Taa, njia na mtaro vilitakiwa kuwepo kabla yake.

Na kuhusu taa sitanyamaza, kwa maana Mungu alishatuhubiria kwa kinywa cha mtoto wetu wenyewe.

Juni 2012 simba 6 waliuawa kwa mikuki katika kijiji kimoja cha Kitengela baada ya kuvamia mifugo. Wakati huo, ng'ambo ya kusini ya Mbuga ya Taifa ya Nairobi, kulikuwa na kijana wa Kimaasai, Richard Turere, aliyekabidhiwa kulinda ng'ombe wa babake. Alijaribu moto, akaona moto unawasaidia simba kuona ndani ya zizi. Akasimamisha sanamu ya mtu, simba wakaitazama usiku wa kwanza na kuipuuza wa pili. Kisha akazunguka boma usiku na tochi, akagundua kwamba simba haji penye mwanga unaotembea. Akiwa na miaka 11 akachukua betri kuukuu ya gari, kifaa cha kuwasha indiketa za pikipiki, balbu za tochi zilizokufa na kipande cha sola, akaunda taa zinazowaka kwa zamu kuzunguka zizi. Mwaka 2013 alisimama California kuwaeleza wasomi wa dunia jinsi alivyofanya.

Wasomi wakampigia makofi. Na sisi tukapiga. Halafu tukarudi kwenye vichochoro vyetu vya giza! Ole wetu! Mtoto mmoja hakusubiri ufadhili, na kaunti yenye gavana, bunge na bajeti inashindwa kuulinda mji kwa kile ambacho Katiba yenyewe imeiwekea mkononi? Tena angalieni hekima yake: taa zake hazikuwa za kuzinduliwa. Yeye aliishi nazo. Balbu ikiungua ni yeye wa kuibadilisha, kwa sababu ng'ombe walikuwa wa kwao na usiku ungerudi tu. Sisi tunajua mulika mwizi wa namna nyingine: nguzo ndefu, utepe, picha na hotuba, na baada ya miezi michache bili ya stima haijalipwa na mwizi anapumzika chini ya nguzo. Kiongozi anayesimamisha nguzo bila kutenga fedha za stima na za fundi amejenga kumbukumbu yake mwenyewe. Usimpigie vigelegele!

Na msikubali taa za Barabara ya Namanga peke yake, pale magari ya wakubwa yanapopita. Wizi wa simu na ubakaji haungoji penye lami. Taa ziende sokoni, kwenye steji, kwenye njia za miguu za Korompoi, nyuma ya ploti ambako choo kiko mbali na mlango na mama analazimika kumwamsha mtoto amsindikize. Kama hawajui pa kuanzia, waulizeni wanawake. Kila mwanamke wa Noonkopir ana ramani ya giza kichwani mwake, na sidhani kama kuna mpimaji wa kaunti aliyewahi kuiomba.

Mji huu umekua kwa kasi ya kutisha. Sensa ya 2009 ilihesabu watu 58,167 Kitengela, na ile ya 2019 ikahesabu 154,436. Wengine walifuata viwanda vya Athi River, wengine walikimbia kodi za Nairobi, wengine walinunua robo ekari iliyokatwa kutoka kwenye malisho ambayo wafugaji waligawana ranchi ya pamoja ilipovunjwa. Hakuna dhambi kukua. Dhambi ni kuuza ploti bila njia. Sheria ya mipango ya ardhi ya 2019 inataka kila ujenzi upate idhini ya kaunti. Basi kichochoro kisichopitisha ambulensi wala gari la zimamoto, jina la nani liko kwenye hiyo idhini? Na kama hakuna idhini, nani alipita pale akaona ghorofa ikipanda, akaondoka na bahasha? Kitabu hicho hicho, sura ya 22, kinamwagiza anayejenga nyumba azungushe ukuta mdogo juu ya dari asije mtu akaanguka, na kinahesabu damu ya atakayeanguka juu ya nyumba hiyo. Mungu aliandika sheria ya ujenzi kabla ya Kajiado kuwa na ofisi ya mipango. Mvua za 2024, Mto Athi ulipofurika na kutukatia barabara, zilitukumbusha kwamba mtaro ulioziba na nyumba iliyosimama kwenye mkondo wa maji huua bila kushika panga.

Kuhusu baa nitasema kidogo, maana mmesikia mengi na baadhi yenu ndio wenye baa. Sheria ya pombe ya 2010, ile ya Mututho, iliweka saa za kufungua na kuziweka mbali baa na shule. Leo leseni hutoka mikononi mwa kaunti. Anayeitoa mlangoni pa shule anajua anachokifanya, na anayeilipia vilevile.

Sasa njooni kwenye jambo ambalo wengi wenu hamjawahi kuambiwa, na ndilo lililonifanya nichape karatasi hii. Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011, kifungu cha 41, inaagiza kila kaunti iwe na Mamlaka ya Polisi ya Kaunti. Mwenyekiti wake ni gavana, au waziri wake wa kaunti atakayemteua. Humo wanaketi wakuu wa polisi na wapelelezi wa kaunti, wawakilishi wawili kutoka bunge la kaunti, na raia wasiopungua sita wanaoishi hapa: wa biashara, wa mashirika ya jamii, wa wanawake, wa watu wenye mahitaji maalum, wa dini, na wa vijana. Kazi yao ni kupendekeza malengo ya polisi katika kaunti, kufuatilia uhalifu hasa unaowaumiza wanawake na watoto, kukagua matumizi ya fedha za polisi wa kaunti, na kumpelekea Inspekta Jenerali maoni kuhusu utendaji wao. Mmesikia? Yule anayesema polisi si wake, sheria imemwekea kiti cha kuwauliza polisi maswali!

Na gavana wetu tangu 2017, Mheshimiwa Joseph Ole Lenku, si mgeni wa mambo haya. Alikuwa waziri wa usalama wa ndani kuanzia 2013 hadi 2014, na mpango wa Nyumba Kumi ulitangazwa akiwa kwenye ofisi hiyo. Mheshimiwa, nakuandikia kwa heshima, maana maandiko yanatuamuru kuwaombea wenye mamlaka, nami nakuombea. Uliwahi kukaa upande wa polisi wa meza hiyo, unajua faili zinavyofichwa. Ni nani angekuwa mwenyekiti bora kuliko wewe? Viite vikao, vitangaze, na uwaruhusu wananchi wasikie majibu.

Lakini nisimalize kwa viongozi kana kwamba sisi ni malaika. Wale binamu wawili hawakuuawa na kaunti. Waliuawa na mikono ya watu, na jioni ile mikono hiyo ilivunja ugali. Mlikuwepo wengine wenu. Wengine mlishika simu kurekodi. Mkisikia mtu anaitwa mwizi, kazi ya Mkristo na ya Mwislamu ni moja: simama katikati, piga simu, mfikishe kituoni akiwa hai. Anayesema polisi watamwachilia mwizi, na awe wa kwanza kudai Mamlaka ile ikae, badala ya kujifanya hakimu na mnyongaji kwa dakika tano. Na sisi wa makanisa, tuliozungusha nyaya za umeme na kuajiri mabawabu ili kesha zetu ziwe salama, tuna kiti cha dini katika chombo hicho. Ni nani kati yetu aliyewahi kuuliza nani anakikalia?

Amkeni basi, tena kwa kalenda. Sheria ya fedha za umma ya 2012 inataka mpango wa maendeleo wa mwaka uwe mbele ya bunge la kaunti kufikia Septemba 1, mkakati wa fedha kufikia Februari 28, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Sheria ya miji ya 2011 inawapa wakazi mabaraza ya kutoa maoni juu ya huduma na bajeti. Mkiitwa kwenye ushirikishwaji wa umma msiende kwa ajili ya soda na nauli. Kila mtaa, kuanzia Yukos hadi Milimani, uandike karatasi moja: taa zilizokufa na mahali zilipo, vichochoro visivyopitika, baa zilizo mlangoni pa shule. Wekeni majina na saini. Mama mboga asaini, mwenye ploti asaini, kijana wa boda boda asaini. Pelekeni nakala kwa mwakilishi wadi, nyingine kwa karani wa bunge la kaunti kule Kajiado, na mbaki na moja iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.

Aprili 30 ikipita, mtafuteni mwakilishi wadi mbele ya watu, si ofisini kwake. Mwombeni awaonyeshe ukurasa wa bajeti wenye taa za Noonkopir na fedha za kuzilipia stima mwaka mzima. Akisema upo, asome kwa sauti.